Sampras na Agassi kwa Macho ya Fundi Nyuzi

Kwenye benchi ninapofungia nyuzi za raketi kuna ubishi uliokataa kufa: kati ya wale Wamarekani wawili wa tenisi, nani zaidi, Pete Sampras au Andre Agassi? Waliouanzisha sasa wana mvi na magoti mabovu. Vijana wao, waliokua wakibishana juu ya Federer na Nadal, wakija kuchukua raketi husikiliza dakika mbili tatu kisha huuliza, "Fundi, hao ndio akina nani?" Hapo wazee huchemka. Klabu yetu hapa Dar es Salaam iligawanyika kama Simba na Yanga, na kuna mabwana wawili, wote mawakili, ambao mpaka leo hawakubali kupangwa upande mmoja kwenye mechi ya wawili wawili, kisa ni fainali iliyochezwa New York.

Mimi niliingia kwenye ubishi huu nikiwa mwokota mipira. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo tenisi ya dunia ilitufikia kwa kanda za video. Mwanachama akisafiri kikazi anarudi na kanda, jioni inawekwa chumba cha baa, nasi tunachungulia dirishani mpaka mlinzi atutimue. Fainali ya US Open ya 1990 niliiona hivyo, muda mrefu baada ya kuchezwa, picha ikikatikakatika na matangazo ya biashara ya Marekani yakiwa humohumo. Agassi, miaka 20, nywele hadi mabegani, mavazi ya rangi za kuwaka. Ng'ambo ya wavu kijana wa miaka 19 mwenye mabega yaliyoinama kidogo, hana mbwembwe, kama katumwa na mzazi dukani na anataka kurudi mapema. Tulitaka Agassi ashinde. Akachapwa 6-4, 6-3, 6-2, na yule kijana, Sampras, akawa mwanamume mdogo kuliko wote kuwahi kulichukua taji lile.

Nikiri kwamba nywele zile zilituvutia kuliko tenisi yenyewe. Miaka mingi baadaye Agassi akaandika katika kitabu chake cha 2009 kwamba mwaka uleule wa 1990, kwenye fainali ya Roland Garros, mashindano ya Paris, dhidi ya Andrés Gómez wa Ecuador, nywele zilikuwa za bandia, zimeshikizwa kwa vibanio, na yeye anacheza huku akiomba zisidondoke uwanjani. Nilimsomea jambo hilo kinyozi mmoja wa mtaani kwetu aliyewahi kuhangaika kututengenezea mtindo ule. Alicheka mpaka akazima mashine.

Namba za maisha yao ya uwanjani anayetaka kuzitumia kumaliza ubishi anaweza kumaliza upesi. Sampras alitwaa mataji 14 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi: Wimbledon mara saba, US Open mara tano, Australia mara mbili. Agassi alitwaa manane. Walipokutana wao kwa wao Sampras alishinda mechi 20 kati ya 34, na pale US Open walikutana mara nne, zote nne akashinda yeye. Alikaa namba moja duniani wiki 286, mwenzake 101. Lakini Agassi alichukua taji katika viwanja vyote vinne vikubwa, nyasi, udongo na saruji, akaongeza dhahabu ya Olimpiki Atlanta 1996. Sampras hakupata kuvuka nusu fainali pale Paris. Kila upande una hesabu yake, na kila Jumamosi zinatajwa upya kana kwamba hakuna aliyezisikia wiki iliyopita.

Mimi nimekaa na raketi kuliko nilivyokaa na mataji, na kwangu tofauti ya watu hawa wawili iko mahali pengine. Sampras alikuwa mtu wa kutunza. Agassi alikuwa mtu wa kukarabati.

Nianze na raketi zenyewe. Sampras alicheza karibu maisha yake yote na aina moja ya raketi, Wilson yenye kichwa cha inchi 85 za mraba. Anayecheza leo akishika raketi ya kichwa hicho huona ni kijiko. Za sasa nyingi ni 97, 98, hata 100. Aliongeza vipande vya madini ya risasi kwenye fremu iwe nzito, na nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa ng'ombe, zimekazwa zaidi ya pauni 70. Wateja wangu wengi hawafiki hata 58. Alikuwa na fundi wake aliyesafiri naye kumfungia, na ninapowaeleza wanafunzi jambo hilo nasema kwa wivu kabisa.

Nimefunga nyuzi za utumbo, ingawa si mara nyingi maana bei yake inauma. Huwezi kuzivuta kwa pupa kama nailoni. Unaukunjua uzi taratibu usijikunje, maana ukijikunja mara moja hapo ndipo utakapokatikia, labda siku ileile. Unaupitisha kwenye tundu kwa vidole, si kwa koleo. Ukimaliza, ukiupiga kwa kiganja unalia sauti nyembamba, safi, na mpira unatoka juu yake kama unajua unakokwenda. Tatizo ni pwani. Masika ikianza, unyevu unauingia uzi, unafumuka nywelenywele, na raketi iliyokuwa inaimba Jumatatu inakuwa bubu Ijumaa. Mzee mmoja, Mungu amrehemu, aliyekuwa upande wa Sampras mpaka kwenye mfupa, alizihifadhi zake kwenye begi lenye mchele kidogo wa kunyonya unyevu. Nilikuwa nikimwambia, "Mzee, weka nailoni, utapumzika." Alinijibu, "Nikitaka kupumzika nitalala."

Ndiyo Sampras huyo. Aliambiwa ajaribu raketi yenye kichwa kikubwa, huenda ingemsaidia kwenye udongo wa Paris ambako mpira unaruka juu na kijiko chake hakisamehe kosa. Hakubadilisha. Alikuwa amejenga kitu kimoja, servisi, mpira wa kuanzishia pointi, isiyosomeka na mbio za kufika wavuni, na aliamua kukilinda hadi mwisho.

Agassi alikwenda kinyume chake. Mwaka 2002, akiwa na miaka 32 na kocha mpya, Darren Cahill, akajaribu nyuzi za poliesta ambazo wenzake wengi walikuwa wamekwisha kuzihamia. Akaenda Roma, kwenye udongo, akachukua taji. Mtu mwenye Grand Slam saba wakati huo anakubali kuambiwa kwamba uzi wake umepitwa na wakati! Wateja wa namna hiyo ndio wanaoniwekea ugali mezani. Wa aina ya Sampras hurudi na agizo lilelile miaka nenda miaka rudi. Nawaheshimu, lakini hawaniulizi kitu.

Malezi yao nayo yalikwenda njia mbili. Baba yake Agassi, Mike, alizaliwa Iran, akaipigania nchi hiyo ngumi katika Olimpiki za 1948 na 1952, kisha akahamia Marekani na kutua Las Vegas. Alitengeneza uwanja nyuma ya nyumba na kuirekebisha mashine ya kurushia mipira iteme kwa kasi ya kutisha, na mtoto wa miaka saba anasimama mbele yake kutwa. Akiwa na miaka 13 akapelekwa bweni, kwenye shule ya tenisi ya Nick Bollettieri huko Florida. Agassi amesema wazi kwamba aliuchukia mchezo huu. Wazazi wa Sampras, familia yenye asili ya Ugiriki, walikuwa watu wa kukaa mbali. Mechi za mtoto wao ziliwatia kiwewe hata kuzitazama. Walikwenda Wimbledon kumwona kwenye fainali ya 2000, na aliposhinda alipanda majukwaani kumkumbatia baba yake. Ila hata yeye hakuachwa hivihivi: akiwa na miaka 14 hivi, daktari mmoja wa watoto aliyekuwa anamfundisha alimfanya aache bekhendi, pigo la upande wa pili wa mwili, ya mikono miwili na kupiga kwa mmoja, kwa hoja kwamba Wimbledon inataka hivyo. Mtoto akaanza kufungwa na wenzake aliokuwa akiwafunga. Akavumilia.

Wazazi wa aina zote mbili nimewapokea. Kuna baba alikuwa akija na binti yake wa miaka kama kumi na mmoja. Namwuliza binti, "Mama, unapenda zikazwe au zilegee?" Baba anajibu: "Kaza. Hamsini na sita." Nauliza mkono unauma? Baba: "Hauumi." Binti anatazama chini, mkono wa kushoto unasugua kiwiko cha kulia, na kiwiko chenyewe kimevimba nikikiona. Siku hiyo nilifunga 50, nikaandika kwenye kibandiko 56. Alicheza vizuri, baba akanisifu kwa kazi nzuri. Sijutii. Kila nikisoma habari za ile mashine ya Las Vegas, ni kiwiko kile ninachokiona.

Sasa uwanjani. Sampras alikuwa mwanzishaji, pengine bora kupata kuonekana, hasa kwenye servisi ya pili, ile ya mwisho ukishakosea ya kwanza. Alikuwa na moyo wa kuipiga kwa nguvu karibu na ile ya kwanza wakati pointi iko rehani. Agassi alikuwa mrudishaji. Alisimama karibu na mstari, akaupokea mpira ukiwa bado unapanda, akamnyima mwenzake nafasi ya kuvuta pumzi. Anayeanzisha, maisha yake yapo mkononi mwake: akishika servisi zake zote hafungwi kirahisi, hata siku mbaya. Anayerudisha anategemea alicholetewa. Ninaamini, na wazee huwa hawakubaliani nami hapa, kwamba hata kupanda na kushuka kwa miaka yao kulitoka humo. Sampras alimaliza miaka sita mfululizo, 1993 hadi 1998, akiwa namba moja. Ule wa sita aliutafuta kwa kuzunguka Ulaya mashindano baada ya mashindano, amechoka, anakonda kwa mawazo, ili mtu asimpokonye. Agassi alipanda, akaanguka, akapanda.

Mechi inayonionyesha hilo ni robo fainali ya US Open ya 2001. Seti nne, 6-7, 7-6, 7-6, 7-6, Sampras akashinda, na usiku kucha hakuna hata mmoja aliyevunja servisi ya mwenzake, yaani kushinda gemu aliyoianzisha mwenzake. Mrudishaji bora duniani alisimama pale gemu baada ya gemu asipate mlango. Huwapa vijana waitazame yote, tangu mwanzo, na wengi hulalamika kwamba inachosha kwa sababu hakuna kinachobadilika. Namwambia anayelalamika atazame uso wa Agassi peke yake, gemu tano tu, kisha aje tuzungumze.

Mambo yalikuwa yameanza kumwendea kombo tangu 1995. Majira ya joto mwaka ule alishinda mechi 26 mfululizo, akafika fainali ya US Open akiwa namba moja, na Sampras akamngoja hapo. Kwenye pointi ya kuamua seti ya kwanza mpira ulikwenda na kurudi mara 22, kona hadi kona, na aliyeimaliza alikuwa Sampras, yule aliyesemwa hajui kukaa nyuma. Agassi alifungwa seti nne na kitu fulani ndani yake kikavunjika. Kufikia Novemba 1997 alikuwa namba 141. Katika kitabu chake alikiri kwamba mwaka huo alitumia dawa za kulevya, akapimwa, akagundulika, akaandika barua ya uongo kwa wakubwa wa tenisi na wakamwamini. Kwa hilo wapo wapenzi wake waliomwacha kabisa, nami siwalaumu. Wachezaji wengine walifungiwa kwa makosa yasiyozidi hayo.

Kilichofuata ndicho ninachowaeleza wanaokuja kwangu na raketi baada ya kuacha miaka mitatu minne. Bingwa wa Wimbledon wa 1992 alijiandikisha kwenye mashindano madogo, ya wale wanaotafuta nauli, tena mjini kwao Las Vegas ambako kila mtu anamfahamu. Akafika fainali, akafungwa na Mjerumani ambaye hata mashabiki wa tenisi hawakumjua, Christian Vinck. Wiki iliyofuata akaenda Burbank, ya daraja lilelile, akashinda. Watu husimulia kurudi kwake kwa kuanzia Paris 1999, alipotoka seti mbili nyuma dhidi ya Andrei Medvedev akashinda 1-6, 2-6, 6-4, 6-3, 6-4 na kukamilisha mataji yote manne. Mimi namtazama yule aliyefungwa Las Vegas halafu akapanda gari kwenda Burbank. Kuna mwanachama wetu, zamani bingwa wa klabu, aliumwa, akapona, akashindwa kurudi kwa sababu moja tu: asionekane akicheza na watu wa daraja la tatu. Raketi yake iko kwangu imefungwa tayari na haijachukuliwa.

Na baada ya Paris ile, mwezi haujaisha vizuri, Agassi akafika fainali ya Wimbledon. Yuko kwenye kilele cha mchezo wake, ana miaka 29, ana mwili alioujenga upya na mkufunzi wake Gil Reyes. Sampras akamfunga seti tatu kavu, 6-3, 6-4, 7-5. Kesho yake orodha ikatoka, Agassi ndiye namba moja duniani! Mawakili wangu wawili hutumia siku hizo mbili, ya fainali na ya orodha, kila mmoja kuthibitisha hoja yake, na wote wana haki. Ukinibana mimi nitasema Sampras. Siku ile kwenye nyasi hakukuwa na binadamu wa kumgusa.

Walimwita baridi, mashine, hana hisia. Waliosema hivyo hawakuiona robo fainali ya Australia ya 1995 dhidi ya Jim Courier, au waliiona wakaisahau. Kocha wake, Tim Gullikson, alikuwa ameanguka ghafla na kurudishwa Marekani. Baadaye ilijulikana ni uvimbe kwenye ubongo, akafariki 1996. Sampras alipoteza seti mbili za kwanza, akasawazisha, na katika seti ya tano mtu mmoja jukwaani akapaza sauti amshindie kocha wake. Akaanza kulia. Analia, anajifuta, anatupa mpira juu, anapiga servisi ambayo Courier haioni, anarudi mstarini analia tena. Courier akamwuliza kutoka ng'ambo kama wangoje kesho. Hawakungoja. Mkanda huo ulipofika klabuni baa nzima ilinyamaza, na yule mzee wa mchele kwenye begi alitoka nje.

Kuondoka kwao nako kila mmoja alifanya kivyake. Sampras alikuwa amemaliza zaidi ya miaka miwili bila taji lolote. Wimbledon 2002 alitolewa raundi ya pili na George Bastl wa Uswisi, kwenye uwanja wa pembeni, na magazeti yakamwambia aende nyumbani. Miezi miwili baadaye akaingia US Open akiwa amepangwa wa 17, akafika fainali, akamkuta Agassi, akashinda 6-3, 6-4, 5-7, 6-4. Hakucheza tena mechi ya mashindano. Mwaka mzima alikaa akipima kama ana hamu, akaona hana, akaaga. Agassi aliendelea miaka minne zaidi, akawa namba moja tena akiwa na miaka 33, na mwisho wake mwaka 2006 alikuwa anachomwa sindano za mgongo ili aweze kusimama. Mtu wa mwisho kumfunga alikuwa Benjamin Becker, Mjerumani namba 112 aliyepitia mechi za mchujo. Uwanja ulisimama ukampigia makofi muda mrefu, mzee mzima akatokwa na machozi.

Wakati wangu wa kuacha uwanja ulipofika, bega la kulia lilipokataa kuinuka, watu walinishauri nimalizie kwa kombe la klabu, niondoke kwa heshima. Ushauri wa kitajiri huo. Mkufunzi anayelipwa kwa saa haondoki na kombe. Anaondoka mwezi ambao wanafunzi wamepungua. Nikahamia kwenye benchi la nyuzi moja kwa moja, na nikaendelea kurusha mipira kwa watoto kwa mkono wa chini, kama Agassi na mgongo wake.

Jambo la mwisho ni la bakshishi, na hapa sitaki kusikia ushauri wa mtu. Agassi alisimulia katika kitabu kwamba Sampras alimpa mhudumu wa maegesho dola moja tu. Machi 2010, huko Indian Wells, walicheza mechi ya hisani kwa ajili ya waliokumbwa na tetemeko la Haiti, Sampras na Federer upande mmoja, Agassi na Nadal upande wa pili, wote na vipaza sauti vifuani. Sampras akamwigiza Agassi anavyotembea kwa hatua fupifupi. Agassi akageuza mifuko nje kumkejeli kwamba ni bahili. Utani ukafa palepale. Sampras akampiga servisi ya kumlenga mwilini, Federer na Nadal wanacheka kicheko cha aibu. Agassi aliomba radhi baadaye.

Waokota mipira wenzangu wa zamani tulipoiona mechi hiyo tuligawanyika upya kabisa, na mipaka ya zamani ikavunjika. Mmoja, ambaye sasa ana teksi zake, alisema bahili ni bahili hata akiwa na Wimbledon saba. Mimi nikawakumbusha wanachama wawili wa enzi zetu. Mmoja alikuwa akitoa noti nene akishinda, na akifungwa anatupa raketi na kupita kama hatukuwepo. Mwingine alitoa sarafu ileile kila Jumanne na kila Alhamisi, ashinde ashindwe, mvua au jua, na kila mara alituuliza kama tumekula. Kwa sarafu ya huyu wa pili ndipo nilipolipia daftari zangu. Mwenye teksi akasema hiyo si hoja ya tenisi, akaagiza chai, tukaanza upya kwenye seti ya kwanza ya 1995.